Gemu za PC: venye utalipia na ibaki kwako, mwongozo kamili

Kuna swali moja nauliza kila msee anayenionyesha laibrari yake ya Steam (duka la gemu za PC mtandaoni) imejaa: zima WiFi, chomoa kebo, alafu zifungue moja moja, zinafunguka ngapi? Zenye zinafunguka ndo zako. Zenye zinakuuliza uingie mtandaoni kwanza, hizo umekodishwa tu na mwenye nyumba hajaamua kukutoa. Hio ndo test yangu na ndo msingi wa hii mwongozo yote. Naandikia watu wa huku kwetu, Kondele, Manyatta, Maseno, Kakamega, na hata wale wa Nakuru, mahali intaneti ni bundles ama fiba ya kulipia mwezi kwa mwezi, stima inapotea bila kukuaga, na PC nyingi ni ex-UK zilizotoka kwa ofisi za wazungu.

Kwanza ujue unalipia nini

Ukibonyeza "Purchase" kwa Steam unapewa leseni ya kutumia gemu. Hii si siri tena. California walipitisha sheria ya AB 2426 mwaka wa 2024, ikaanza kazi Januari 2025, inayokataza duka la dijitali kuandika "nunua" bila kukueleza wazi kwamba ni leseni, na Steam wenyewe wakaanza kuandika hivo pale kwa kapu ya kulipia kutoka Oktoba 2024. Watu wengi hawasomi, juu macho iko kwa diskaunti.

Mfano wenye kila mtu anafaa kujua ni The Crew ya Ubisoft. Ilitoka 2014, ni gemu ya magari, unaweza kuendesha peke yako kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini ilitengenezwa iongee na seva kila wakati. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na baada ya hapo leseni ikaanza kuondolewa hata kwa akaunti za watu waliolipa pesa yao. Hapo ndo Ross Scott, msee wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games ya kupinga gemu kuzimwa hivo, na kufika Julai 2025 sahihi za wananchi wa Umoja wa Ulaya zilikuwa zimepita milioni 1. Sisi huku hatukuweza kusaini, lakini gemu ni zile zile.

Hatua ya 1: soma kile kisanduku cha kulia kabla utoe pesa

Hii hatua inachukua dakika mbili na ndo inaokoa pesa mingi kuliko zote. Fungua ukurasa wa gemu kwa Steam, achana na trela, achana na picha, shuka upande wa kulia chini ya mahali wameandika Single-player, Co-op na kadhalika. Hapo kuna visanduku vidogo na kila kimoja kinakwambia nani mwingine ana ufunguo wa gemu yako.

Ukiona "Requires 3rd-Party Account", maana yake ni kwamba Steam pekee haitoshi, utafungua akaunti ya EA, Ubisoft, Rockstar ama nani mwingine, na siku hio akaunti ya pili ikileta shida gemu imelala hata kama Steam yako iko sawa.

Ukiona "Incorporates 3rd-party DRM: Denuvo Anti-tamper", hio ni DRM, yaani kufuli ya dijitali, itaomba ruhusa kwa seva yao mara ya kwanza, na ina kikomo cha mashine 5 kwa saa 24. Kwa mtu mwenye PC moja si neno. Lakini ukibadilisha vifaa ama ukiweka Windows upya inaweza kuomba ruhusa tena, na kama siku hio huna bundles basi utakaa uiangalie ikoni. Mimi gemu ya Denuvo sinunui ikitoka, nangoja, juu makampuni mengi huiondoa hio Denuvo baada ya muda, na bei huwa imeshuka pia.

Ya tatu ni anti-cheat, programu ya kushika wenye wanachiti. Tangu Oktoba 2024 Steam wanalazimisha kila gemu yenye anti-cheat inayoingia hadi kwa kernel iandike wazi. Kernel ni pale ndani kabisa ya Windows, mahali programu inaona kila kitu kwa mashine. Sisemi usicheze, nasema PC yenye unafanyia kazi za wateja, iTax na benki usiichanganye na hio, kama uko na njia ya kutenganisha.

Alafu nenda PCGamingWiki, tafuta jina la gemu. Hii ndo tovuti naipenda kuliko zote kwa hii maneno. Inakwambia sevu (rekodi ya mahali umefika) zinakaa foda gani, kama kuna LAN (kucheza kwa mtandao wa ndani bila intaneti), kama inafunguka bila lancha (programu ya kufungulia gemu), kila kitu. Wako hadi na orodha ya gemu za Steam zenye zinaendelea kufunguka ukiifunga Steam kabisa.

Hatua ya 2: hakikisha Kenya inaruhusiwa

Watu husahau hii hadi wachomeke. PSN, akaunti ya PlayStation, haina Kenya kwa orodha ya nchi zake. Mei 2024 Sony wakatangaza kwamba kila mtu wa Helldivers 2 kwa PC lazima aunganishe PSN, gemu ikaondolewa sokoni kwa Steam katika nchi zaidi ya 170, na watu walikuwa wamelipa na wanacheza tangu Februari. Wachezaji wakaijaza maoni mabaya hadi Sony wakarudi nyuma ndani ya siku chache tu. Ghost of Tsushima nayo ikaja mwezi huo huo na ikafungiwa nchi hizo hizo. Januari 2025 wakalegeza, wakafanya PSN iwe hiari kwa baadhi ya gemu zao za PC. Kwa hivo gemu ya Sony angalia ukurasa wake wa sai, usitegemee venye msee alikwambia mwaka jana.

Kwa kii (namba za kuingiza gemu kwa akaunti) za kununua nje ya Steam ni vile vile: kabla ulipe tafuta mahali wameandika nchi zenye kii inafanya kazi. Kii ya bei ya kutupa mara nyingi ni ya eneo lingine, ama ilinunuliwa na kadi ya wizi, na ikigundulika inafutwa kwa laibrari yako na muuzaji ashapotea. Na ile maneno ya kuweka VPN ujifanye uko nchi ya bei rahisi, wacha. Steam wanataka njia ya kulipa ya nchi hio, huwezi badilisha nchi zaidi ya mara moja kwa miezi 3, na ni kuvunja mkataba, yaani unaweka laibrari yote rehani juu ya diskaunti ya gemu moja.

Hatua ya 3: chagua duka

Kama gemu iko duka la GOG na bei inakaribiana, nunua GOG. Hawa wanauza bila DRM, unadaunlodi instola nzima kama faili ya kawaida, na ukishaiweka kwa diski hakuna mtu anaulizwa ruhusa tena. Refund yao ni siku 30 hata kama ushacheza. Stardew Valley, Terraria, The Witcher 3, Cyberpunk 2077 na Baldur's Gate 3 zote ziko huko. Gemu za mpira za EA na hizi za online hutapata za sasa, kwa hivo msee wa FC usijisumbue.

Steam ni ya katikati. Gemu zingine ziko huru kabisa, zingine zimefungwa mara tatu, ndo maana hatua ya 1 ni ya lazima. Duka la Epic Games chukua zile za bure za kila wiki, hakuna hasara.

Na akaunti zinazouzwa kwa magroup, ile "GTA V full access mia tano"? Hio unanunua hewa. Mwenye akaunti wa kwanza ako na email ya kwanza na risiti ya kwanza, akiandikia support anarudishiwa, na hakuna mahali utaenda kulia juu mkataba unakataza kuuziana akaunti.

Za kuiba pia tuongee kama watu wazima. Ni kweli crack (gemu iliyovunjwa kufuli) haina seva ya kukuzima. Lakini unazima antivirus ndo uiweke, alafu hio hio browser ndo uko na email na kila kitu imeingia. Wasee wamepoteza akaunti za Steam hivo, hata paswadi haikuulizwa.

Hatua ya 4: kulipa na kufunga akaunti

Bei ya Steam kwa Kenya ni ya dola, kwa hivo gemu ya dola 15 ni karibu shilingi 2,000 kulingana na rate. Njia rahisi ni M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa ya mtandaoni yenye Safaricom walileta 2022, unaifungua kwa app ama *334#. CVV yake inabadilika, itoe ukiwa ushafika ukurasa wa kulipa, si kabla.

Ukilipa, weka risiti. Email ya Steam na SMS ya M-Pesa, piga screenshot, weka foda moja na uitume pia kwa email yako. Siku laini imepotea na simu imeibiwa pale stage, support watakuuliza uthibitishe ulilipa na nini, na hio foda ndo itakuongelea.

Alafu washa Steam Guard (ulinzi wa akaunti kwa code) kwa simu, na ile recovery code inayoanza na R iandike kwa karatasi. Karatasi ya ukweli, si screenshot kwa simu ile ile.

Hatua ya 5: tumia saa mbili za refund kupima

Steam wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 za kununua na uwe umecheza chini ya saa 2. Watu huzitumia kuangalia kama gemu ni tamu. Wewe zitumie hivi, na kwa hii mpangilio: fungua gemu mara moja ukiwa mtandaoni ifanye mambo yake yote, anza kampeni, sevu, toka. Zima intaneti. Kwa Steam bonyeza menyu ya juu kushoto, chagua "Go Offline". Fungua gemu, lodi ile sevu, cheza kidogo. Ikikubali, nenda mbele zaidi: funga Steam kabisa, ingia foda ya gemu (bonyeza kulia jina lake, "Properties", "Installed Files", "Browse"), alafu bonyeza ile faili ya exe mara mbili.

Ikifunguka hapo na Steam haijaamka, hio gemu ni faili tu, unaweza kuibeba. Ikiamsha Steam, bado sawa, itacheza ofulaini lakini inategemea akaunti. Ikisema haiwezi kufikia seva na kumbe umenunua ya kucheza peke yako, nenda help.steampowered.com uombe refund kabla saa zijae. Epic nao wana siku 14 na saa 2, fanya vile vile.

Onyo moja: lancha ya pili ikiwa inadaunlodi vitu na gemu inahesabiwa imefunguka, hizo dakika zinakula saa zako. Na bundles zako.

Hatua ya 6: toa faili kwa wingu, weka kwa diski

Hapa ndo kuna kazi, na hapa ndo kwetu kunatofautiana na kwa wale wenye intaneti haiishi. Gemu ya GB 80 ukiidaunlodi mara mbili umelipa mara mbili.

Nunua diski ya nje, hata HDD ya kawaida ya TB 1, na uiformati NTFS ama exFAT. Usiache FAT32 juu haikubali faili inayozidi GB 4, na gemu za siku hizi ziko na mafaili makubwa kuliko hio.

Za GOG ni rahisi: ingia tovuti, fungua gemu kwa laibrari, tafuta "offline backup game installers", daunlodi zote, ile exe na zile bin zake zikae pamoja. Jaribu kuinstoli moja intaneti ikiwa imezimwa kabla ujipongeze.

Za Steam, bonyeza kulia gemu, "Properties", "Installed Files", kuna kitufe cha kubakapu. Mimi hunakili tu foda yenyewe kutoka steamapps\common hadi kwa diski. Kuirudisha kwa PC nyingine, weka hio foda pale pale kwa common ya PC mpya, alafu bonyeza Install, Steam itasema inakagua faili zilizopo na itadaunlodi tu chenye kimepungua. Lakini jua bado utahitaji kuingia na akaunti yako, hii inaokoa data, haivunji kufuli.

Kama mko wawili nyumba moja ama hosteli moja kuna kitu kitamu zaidi: "Settings", "Downloads", "Game File Transfer over Local Network". PC zote mbili ziwe kwa router moja, mwenye gemu aache PC yake imewaka, mwingine akibonyeza Install faili zinatoka kwa PC ya jirani na si kwa intaneti. Hapo hamhitaji bundles nyingi, ni za kuingia Steam tu. Tumia kebo ya Ethernet, WiFi ya router ya bure ya kampuni itakuchosha.

Sevu sasa. Usiamini Cloud (sevu zenye Steam inakuwekea mtandaoni) peke yake, na gemu zingine hazina. Angalia PCGamingWiki sevu ziko wapi, mara nyingi ni Documents\My Games, Saved Games, ama mahali fulani ndani ya AppData ambayo imefichwa. Nakili hio foda kila mwisho wa mwezi. Faili ni ndogo, na ndo kitu pekee hapa hakuna duka linaweza kukuuzia tena.

Kwa ofulaini ya Steam, kabla fiba iishe: maliza apdeti zote, juu gemu yenye inangoja apdeti haitafunguka ofulaini. Fungua kila moja mara moja. Hakikisha Steam inakukumbuka ukiingia. Alafu ndo uende "Go Offline".

Hatua ya 7: PC yenyewe isikufungie

Nusu ya vizuizi siku hizi viko kwa mashine. Windows 10 support iliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Angalia namba: i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Zile EliteDesk za HP na OptiPlex za Dell za bei poa zimejaa madukani Oginga Odinga Street, Kisumu, nyingi ni cha 6 na 7. Zinacheza vizuri ukiweka GPU (kadi ya graphics), lakini Valorant kwa Windows 11 inataka TPM 2.0 (chip ya usalama) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama PC ikiwaka), Battlefield 6 inataka Secure Boot pia.

Kwa hivo ukienda kununua, usitoke dukani bila hii. Mwambie aiwashe mbele yako, alafu uingie BIOS (mipangilio ya ndani ya PC): kwa HP gonga F10 ikiwaka, kwa Dell F2, kwa ThinkCentre F1. Ikikuuliza paswadi ya admin, mashine imefungwa na kampuni ilikotoka na hutaweza kubadilisha chochote cha boot. Atakwambia "boss hio si shida, Windows inawaka tu". Mwambie aitoe hio paswadi ukiwa umekaa hapo, ama akupe nyingine. Ikiingia, tafuta Secure Boot na TPM uone kama zipo. Ikiwa Windows ishawaka, andika msinfo32 uone "BIOS Mode" ni UEFI (njia mpya ya kuwasha PC, yenye Secure Boot inahitaji) ama Legacy (ya zamani), na tpm.msc uone kama version ni 2.0.

Ikiwa ni Legacy na unataka UEFI bila kufuta Windows, fanya bakapu kwanza, fungua Command Prompt kama admin, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS, ikikubali andika mbr2gpt /convert /allowFullOS, alafu ingia BIOS ubadilishe iwe UEFI. Lakini kabla uguse chochote cha TPM ama Secure Boot angalia kama BitLocker (kufuli ya Windows ya diski) imewashwa, na uchukue recovery key yake kwa akaunti ya Microsoft uiandike. PC ikiwaka ikuulize hio key ya tarakimu 48 na huna, hakuna fundi wa Kondele atakusaidia, itabidi ufute kila kitu.

Ukichoka na hio yote kuna Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na Proton, programu ya Valve (wenye Steam), inaendesha gemu nyingi sana za Windows. Angalia jina kwa tovuti ya ProtonDB. Valorant, Fortnite na League of Legends sahau, anti-cheat zao hazikubali. CS2 na Dota 2 ziko sawa.

Hatua ya 8: ukishare

Steam Families inakubali watu 6, kila mtu na sevu zake, mnaweza kucheza gemu tofauti kwa wakati mmoja kutoka laibrari ya mtu mmoja. Mtu akitoka, nafasi yake haipewi mwingine hadi mwaka uishe tangu aliyetoka aingie, kwa hivo usiingize tu mtu yeyote wa base. Na ndugu yako mdogo akichiti na nakala yako, ban inakupata wewe mwenye gemu.

Wenye gaming den, akaunti moja kwa mashine tano si mpango, itakutoa katikati ya mechi na mteja ashalipa. Chagua gemu zenye LAN ya ukweli na kila mashine iwe na nakala yake. FIFA 14 hadi 23 ziliondolewa madukani Septemba 2023, kama uko nazo kwa akaunti ya biashara linda hio akaunti vizuri.

Hatua ya 9: wakizima ama wakichukua

Kwanza piga screenshot ya ilani, ukurasa wa duka na risiti yako. Omba refund hata kama siku 14 zimepita, eleza wazi kilichobadilika baada ya wewe kulipa, Helldivers kuna watu walirudishiwa hivo wakiwa wamecheza zaidi ya saa 2. Andika fupi, tarehe, kiasi, kilichotangazwa, kilichoondolewa. Kwetu Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa habari unayohitaji ndo unufaike kikamilifu na unachonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa mikataba ya intaneti, itaje kwa barua kama muuzaji ako hapa Kenya. Kama ako Marekani usitegemee sana.

Kama wametangaza tarehe ya kuzima, usingoje wiki ya mwisho. Daunlodi gemu na apdeti ya mwisho, nakili foda na sevu, alafu fuatilia kama watatoa toleo la ofulaini, juu kelele ya The Crew ilifanya The Crew 2 ipewe mode ya ofulaini 2025. Hio patch ikitoka iweke kwa ile ile diski, na uandike juu ya foda ni ya toleo gani.